Simu Imepanda Milima ya Buha. Je, Mkulima Amepanda Nayo?

Hapana mtu awezaye leo kukana kwamba biashara ya simu imekua katika nchi yetu kwa kasi ambayo wazee wetu wasingeisadiki. Mwaka 2000 Tanzania nzima ilikuwa na simu za waya karibu 174,000, na laini za mkononi karibu 127,000 tu. Miaka kumi baadaye, yaani 2010, laini za mkononi zilikuwa zimekaribia milioni 21, hali zile simu za waya zikiwa zimesimama pale pale, karibu 174,000, kana kwamba hazikupata habari ya mambo yaliyotokea. Kufikia Desemba 2023 laini zote zilipita milioni 70, katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliihesabia watu 61,741,120. Laini zimewapita watu! Na laini zilizounganishwa na intaneti, kwa hesabu za Mamlaka ya Mawasiliano, zilikuwa zimepita milioni 35.

Hii ni habari njema, wala hatuna nia ya kuitia doa. Lakini yafaa tukumbuke kwamba laini si mtu. Karani wa Dar es Salaam huweza kuwa na laini tatu mfukoni: moja kwa sababu ya bando la bei nafuu, ya pili kwa kuwa mkewe yuko katika mtandao huo, na ya tatu ya kupokelea fedha. Katika hesabu ya soko karani huyo ni wateja watatu. Bibi alimaye maharage huko Murungu, ambaye hana laini hata moja, katika hesabu hiyo hayumo kabisa. Tukizichukua laini za karani na kuwagawia wote wawili, tutaambiwa kwamba kila mmoja wao ana laini moja na nusu, na bibi atashangaa sana kuisikia habari hiyo.

Basi leo twataka kuitazama biashara hii kutoka Murungu, wala si kutoka Dar es Salaam.

Murungu ni kata ya wilaya ya Kibondo, mkoani Kigoma, katika nyanda za juu za Buha zinazoendelea hadi Kasulu na kupakana na Burundi upande wa magharibi. Ni nchi ya vilima na mabonde, ya mihogo, mahindi, maharage, migomba na asali. Wale waliozoea kuisikia Kigoma ikiitwa mwisho wa reli yafaa wajue kwamba reli yenyewe, iliyofika Kigoma mwaka 1914, haikupita Kibondo wala Kasulu. Ilipita mbali, upande wa kusini, ikashuka ziwani. Na kabla ya reli ulikuwako waya. Mwanzoni mwa karne ya 20 waya wa simu wa kampuni ya Cecil Rhodes, ambao mwenyewe aliota kuuvuta kutoka Cape hadi Cairo, ulifika Ujiji ukakomea hapo. Milima ya Buha ilionekana kwa mbali kutoka pale, nao waya haukuwa na shughuli huko.

Hata hivyo milima hiyo ilijulikana sana kwa wenye mashamba. Katika zama za Waingereza Buha ilifanywa kuwa ghala la nguvu za watu. Ofisi ya kuandika vibarua wa mkonge, ile iliyoitwa SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, iliwachukua Waha kwa maelfu na kuwapeleka katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Hao ndio manamba, watu waliopewa namba badala ya jina. Kijana aliyeondoka Kibondo aliacha nyuma mke, wazazi na shamba, na habari zake zilifika, kama zilifika, kwa kinywa cha mwenziwe aliyerudi mkataba wake ulipokwisha, au kwa barua iliyoandikwa na mtu mwingine na kusomwa na mtu mwingine. Mazishi yalifanyika na matanga kuvunjwa kabla mwana hajajua kwamba amefiwa. Tunayakumbusha haya kwa kuwa watu wengine husema kwamba simu kwa mtu wa kijijini ni anasa ya kisasa. Mtu wa Buha alikuwa na haja ya simu miaka themanini iliyopita, tena haja kuliko bwana shamba aliyekuwa nayo mezani.

Baada ya Uhuru simu iliendelea kuwa kitu cha ofisi. Kwanza ilisimamiwa na shirika la Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 tukawa na Shirika letu wenyewe la Posta na Simu. Lilikuwa shirika la umma lenye nia njema na mfuko mtupu. Kuomba simu mjini kulihitaji subira ya miaka. Kuiomba kijijini hapana aliyefikiri. Sheria za mwaka 1993 ziliigawa kazi hiyo: barua zikaenda upande wake, na simu zikapewa kampuni mpya, TTCL, iliyoanza mwaka 1994.

Mwaka huo huo wa 1994 Mobitel ilianza kuuza simu za mkononi Dar es Salaam. Zantel ikafuata mwaka 1999, Vodacom mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, na Halotel ya Wavietnamu mwaka 2015, ambayo iliingia kwa makubaliano ya kufika vijijini. Majina haya msomaji asiyashike sana, maana kampuni za simu hubadili majina kuliko mtoto mgonjwa anayetafutiwa jina la kumponya. Mobitel ikawa Buzz, ikawa Tigo, na tangu mwaka 2024 yaitwa Yas. Celtel ikawa Zain, kisha ikawa Airtel.

Kilichobaki bila kubadilika ni tabia. Mnara hufuata mfuko wa fedha. Haukuwako uovu wa pekee katika jambo hili, na mwenye duka hapaswi kulaumiwa kwa kuwa amefungua duka penye watu. Lakini tuzitazame gharama. Mnara mmoja katika nchi ya vilima hauangazi mbali. Wimbi la simu hugonga mlima likakoma, na bonde la pili likabaki gizani, ndiyo sababu mtu wa Buha humwona jirani yake amepanda kichuguu na kunyanyua mkono juu akitafuta mtandao. Mnara huo wahitaji umeme usiku na mchana. Kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa, na miji yake ikitegemea mitambo ya dizeli. Gridi imeanza kuingia katika miaka hii ya 2020 kupitia Nyakanazi. Kwa hiyo mnara wa kijijini ulihitaji jenereta yake, dizeli ipandishwe kwa lori katika njia ya matope, mlinzi alipwe, na fundi atumwe kutoka mbali kila mtambo ulipozimika. Mfanyabiashara alipopiga hesabu hiyo na kuilinganisha na vocha za shilingi 500 ambazo wakulima wangenunua baada ya mavuno, alifunga daftari lake akaenda Kariakoo.

Hapa ndipo panapoonekana jambo ambalo wasifu wa soko hulisahau. Simu haikupanda milima ya Buha kwa nguvu za soko peke yake. Ilisukumwa kwa fedha za umma.

Tuanze na Mkongo wa Taifa. Kabla ya mwaka 2009 intaneti yetu ilipita katika setilaiti, kwa bei ya kutisha. Mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Lakini mkongo ufikao pwani ni kama meli ifikayo bandarini pasipo reli. Serikali ikakopa China, ikaanza mwaka 2009 kutandaza Mkongo wa Taifa, nyuzi za kioo nyembamba kama unywele zipitishazo maneno na picha kwa mwanga. Katika hatua zake za mwanzo ulizidi kilomita 7,500, ukaifikia mipaka ya majirani zetu, na TTCL ikakabidhiwa kuuendesha. Kampuni zote zinazojisifu kwa kasi ya mitandao yao bara hununua au zimepata kununua njia katika mkongo huo. Mnara wa Kasulu ungekuwa nguzo ya chuma tu kama nyuma yake isingekuwako njia ya kuubeba mzigo hadi baharini. Na njia hiyo ni ndefu na ina udhaifu wake: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikadorora nchi nzima, kutoka Posta Mpya hadi Kibondo.

Hiyo TTCL nayo ina kisa. Mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa zake ziliuzwa kwa wageni, kwa matumaini kwamba wangeleta mtaji na kutandaza simu nchini. Baada ya migogoro mingi na mabadiliko ya wamiliki, mwaka 2016 Serikali ilizinunua tena hisa hizo kutoka Bharti Airtel kwa shilingi bilioni 14.9. Miaka 15 ilipita. Msomaji aliyeisoma hesabu ya simu za waya hapo juu, ile ambayo haikusogea kati ya 2000 na 2010, amekwisha kujua mtaji ule ulitandaza nini.

Jambo la pili ni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006. Kanuni yake ni nyepesi: kampuni za simu huchangia sehemu ya mapato yao, na fedha hizo, pamoja na za Serikali, hutolewa kama ruzuku kwa kampuni itakayokubali kujenga mahali ambapo pasipo ruzuku isingejenga. Mwezi Mei 2023, mjini Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, kwa ajili ya watu wapatao milioni 8.5, na ruzuku ya shilingi bilioni 126. Tukigawa, twapata wastani wa shilingi milioni 166 kwa kila mnara. Wako watakaosema ni fedha nyingi. Sisi twasema ni bei ya kukiri ukweli, kwamba kata 713 za nchi hii zilikuwa hazina thamani ya kutosha katika daftari za wafanyabiashara, miaka 29 tangu simu ya kwanza ya mkononi iuzwe Dar es Salaam.

Fikra hii si ngeni ulimwenguni. Mwaka 1840 Waingereza waliweka posta ya peni moja, barua iende mtaa wa pili au iende mwisho wa nchi, stempu ni ile ile. Mwenye jirani alimchangia mwenye ndugu wa mbali, na hapana aliyeona ameibiwa. Kampuni za simu nazo zafanya hivyo kwa namna yake, maana dakika moja ya maongezi huuzwa Kibondo kwa bei ya Dar es Salaam. Lakini mshahara wa karani na mauzo ya debe la maharage havilingani, na dakika iliyo nafuu kwa mmoja ni ghali kwa mwingine.

Na bei hizi wafanyakazi wazijua vyema. Tarehe 2 Aprili 2021 watu waliamka wakakuta bando zimepanda ghafla. Kelele zilipigwa nchi nzima hata Serikali ikaamuru bei za zamani zirudishwe. Mwezi Julai mwaka huo huo ikaja tozo ya miamala ya simu, na baada ya malalamiko ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba. Katika bajeti ya 2021 simu janja ziliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ili wananchi wazipate. Mwaka 2022 msamaha huo ukafutwa, kwa hoja kwamba haukuwafikia waliokusudiwa. Huenda hoja ilikuwa ya kweli, kwani muuzaji akisamehewa kodi si lazima amsamehe mnunuzi. Lakini dawa ya muuzaji anayekula msamaha ni kumwekea masharti muuzaji, si kumrudishia mnunuzi kodi. Mnara wa intaneti umulikapo kijiji ambacho watu wake wana simu za tochi, kampuni itaandika kwamba eneo limefikiwa, na kijiji kitaendelea kuishi kama jana.

Pana jambo moja ambalo simu ya tochi yenyewe imelitenda, nalo ni kubwa. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, na nyingine zikafuata, mtoto wa Buha aliyeko Dar es Salaam, Kahama au Tabora humtumia mama yake fedha zikafika kabla hajamaliza kumsalimu. Kumbuka manamba wa mkonge, aliyefunga fedha zake katika kitambaa na kuzibeba mwenyewe siku ya kurudi, akiomba asiibiwe njiani. Kutoka kitambaa kile hadi wakala wa sokoni ni safari ndefu kuliko ya Tanga hadi Kibondo. Ndiyo maana tozo ya 2021 iliwauma watu kuliko kodi nyingine nyingi. Haikukamata faida ya biashara. Ilikamata shilingi 20,000 ya dawa ya mzazi ikiwa njiani.

Tena sasa haja ya simu haitokani na mapenzi ya mtu peke yake. Serikali yenyewe imehamia humo. Mkulima alipotaka mbolea ya ruzuku katika msimu wa 2022/23 aliandikishwa katika mfumo na kupewa namba. Mwanafunzi aombaye mkopo wa elimu ya juu huomba kwa intaneti. Kijana atafutaye kazi ya ualimu au uuguzi hutuma maombi yake katika mfumo wa ajira. Alipaye ada au ushuru hupewa namba ya malipo, akalipa kwa simu. Mifumo hii imepunguza foleni na rushwa ndogo ndogo, na twaiunga mkono. Lakini Serikali ikiufanya mlango kuwa mmoja, haina budi kuhakikisha kila raia anaufikia. Kijana wa Murungu aliyefaulu kidato cha sita hawezi kushindwa na mwenziwe wa Mwanza kwa sababu tu siku ya mwisho ya kuomba mkopo mvua ilikuwa inanyesha na mtandao umezimika.

Sasa tufike penye kidonda. Tangu tarehe 20 Januari 2020, ulipokwisha muda wa nyongeza, laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole ilistahili kuzimwa, na raia hasajili ila kwa kitambulisho au namba ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA. Nia ni nzuri, maana wezi wa mitandaoni wamewaliza wengi. Lakini katika mikoa ya mpakani, na Kigoma ikiwamo, mtu hapati namba ya NIDA kwa kwenda na kurudi siku moja. Huhojiwa uraia wake, huulizwa babu alizaliwa wapi na bibi alizikwa wapi, na wananchi wa Kigoma wamelalamika kwa miaka mingi, hata Bungeni, kwamba jina la Kiha na lafudhi ya Kiha huwatia katika shaka ambayo mtu wa Dodoma haijui.

Twaelewa chanzo cha tahadhari hiyo. Wilaya hizi zimepokea wakimbizi kwa vizazi. Kambi ya Nyarugusu huko Kasulu yapokea Wakongo tangu 1996, na Nduta ya Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Nchi ina haki ya kujua nani ni raia wake. Lakini uchunguzi usio na mwisho si ulinzi. Asiye na namba ya NIDA hana laini kwa jina lake. Asiye na laini hana mahali pa kupokelea fedha ya mwanawe, wala ujumbe wa mbolea, wala namba ya malipo. Hutumia laini ya jirani au ya mtoto, na siku wakigombana amepoteza benki, posta na ofisi ya kilimo kwa pigo moja. Mnara wa shilingi milioni 166 umesimama mbele ya mlango wake, naye yuko nje yake kwa sababu ya karatasi. Babu zake waliandikishwa kwa namba haraka sana walipohitajika katika mkonge. Hakuna aliyewauliza kaburi la bibi liko wapi.

Kwa hiyo, pamoja na ripoti zitangazazo laini ngapi zimeongezeka, twataka zitangazwe hesabu za watu: katika kila kata ya Kibondo na Kasulu, ni watu wazima wangapi wana laini kwa majina yao wenyewe, wanawake wangapi na wanaume wangapi, na maombi mangapi ya NIDA yamekaa ofisini zaidi ya miezi sita na kwa sababu gani. Hesabu hizo zaweza kukusanywa na watendaji wa vijiji wakishirikiana na maofisa wa NIDA na Uhamiaji, tena bila kungoja mkopo kutoka nje. Mvua za Buha huanza Oktoba. Kazi hiyo ikifanywa wakati wa kiangazi, magari yakiwa bado yapita, maofisa waweza kwenda na mashine zao hadi Murungu na kumalizia uandikishaji huko huko, mkulima asilipe nauli ya kwenda Kibondo mjini mara nne kwa ajili ya kidole kile kile.